Kujaa na Kupwa Kuliko Ndani ya Nyota

Watu wa pwani, tangu Vanga mpaka Lamu, hawana haja ya kufundishwa na mtu ya kuwa bahari hujaa na kupwa. Mvuvi hupanga safari yake kwa kufuata maji, na mtu aendaye miambani kutafuta pweza hujua ni siku zipi za bamvua na ni siku zipi za maji mafu. Watu wa bara ambao hawajapata kuliona jambo hili, na hata wale wakaao kando ya Ziwa Victoria, ambako maji hayajai wala hayapwi kwa kadiri ya kuonekana kwa macho, huenda wakadhani kuwa ni habari ya bahari peke yake. Sivyo. Nguvu ile ile inayoyainua maji ya Mombasa hufanya kazi yake mbinguni pia, na huko huinua si maji tu, bali miili ya nyota kubwa kuliko jua letu.

Katika makala haya tutaeleza jinsi nyota mbili zinazoishi karibu karibu zinavyovutana hata moja ikaufanya mwili wa mwenziwe utikisike kama ngozi ya ngoma, na kwa nini mabingwa wa elimu ya nyota wanaona kuwa mtikisiko huo ni jambo la maana sana.

NGUVU YENYEWE NI IPI?

Kwanza hatuna budi kuelewa kwa nini bahari hujaa. Mwezi uko mbali nasi kwa kadiri ya kilomita 384,000, nao huivuta dunia kama vile dunia inavyouvuta. Lakini mvuto hupungua kadiri umbali unavyozidi. Kwa hiyo maji yaliyo upande ulioelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kiini cha dunia, na kiini cha dunia huvutwa zaidi kuliko maji yaliyo upande wa nyuma. Matokeo yake ni kwamba dunia hunyoshwa kidogo, ikawa na vimo viwili vya maji: kimoja mbele, kimoja nyuma. Dunia ikizunguka chini ya vimo hivyo, mtu aliye Mombasa huona maji yakijaa kila baada ya muda wa saa 12 na dakika 25 hivi. Jua, mwezi na dunia zikiwa katika mstari mmoja, nguvu mbili hujumlishwa, na hapo huwa bamvua. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huko Mombasa hupita mita 3. Hata ardhi ngumu tuikanyagayo huinuka na kushuka kwa makumi ya sentimita, wala sisi hatutambui.

Sasa msomaji na akumbuke kanuni moja, kwa maana ndiyo ufunguo wa habari yote. Umbali ukipunguzwa kuwa nusu, nguvu hii ya kunyosha haizidi mara 2 tu, bali huzidi mara 8. Umbali ukiwa theluthi, nguvu huzidi mara 27. Basi mwezi ungalikuwa karibu nasi kwa theluthi ya umbali wake wa sasa, maji ya Mombasa yangaliingia mjini kila siku. Ndivyo ilivyo kwa nyota: jirani aliye mbali hana neno, lakini jirani akikaribia kidogo tu, mambo hubadilika kabisa.

KIJANA KIZIWI WA YORK

Jua letu liko peke yake, lakini nyota nyingi sana haziko hivyo. Katika nyota zilizo mfano wa jua, karibu nusu zina mwenzi, na katika nyota nzito sana zenye mwenzi ni nyingi zaidi. Nyota mbili zinazozungukana huitwa nyota pacha, ingawa mara nyingi pacha hao hawalingani kwa uzito wala kwa mwangaza.

Mtu aliyetufungulia mlango wa elimu hii alikuwa kijana wa Uingereza, John Goodricke, aliyekaa katika mji wa York. Alizaliwa mwaka 1764, akawa kiziwi tangu utoto wake kwa sababu ya ugonjwa. Kijana huyo alikuwa akitazama nyota kila usiku pamoja na jirani yake Edward Pigott. Aligundua ya kuwa nyota iitwayo Algol hufifia kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi, kisha hurudia mwangaza wake. Mwaka 1783 alisema ya kuwa huenda kitu kingine kinaizunguka nyota hiyo na kuikinga, kama mwezi unavyolikinga jua wakati wa kupatwa. Maneno yake yalithibitishwa baada ya miaka mia na zaidi.

Mwaka uliofuata, 1784, aliona nyota nyingine mbili zenye mwangaza unaobadilika. Moja ni Beta Lyrae, ambayo sasa tunajua kuwa ni nyota pacha zilizokaribiana hata zimenyoshwa zikawa na umbo la yai. Ya pili ni Delta Cephei, ambayo huongeza na kupunguza mwangaza kila baada ya siku 5 na theluthi. Goodricke alifariki mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 21 tu. Hakupata kujua ya kuwa katika nyota zake tatu ameona mambo matatu yanayotuhusu leo: nyota yenye mwenzi, nyota iliyonyoshwa na mwenziwe, na nyota inayopwita.

KUPWITA NI NINI?

Kwa muda wa miaka mingi wataalamu walidhani kuwa Delta Cephei nayo ina jirani anayeibadilisha. Mwaka 1914 Bwana Harlow Shapley wa Marekani alionyesha kuwa sivyo. Nyota hiyo hupwita, yaani hutanuka na kunywea, kama mshipa wa damu chini ya kidole cha mganga.

Sababu yake yafaa kulinganishwa na sufuria yenye kifuniko. Ndani ya nyota ya namna hii kuna tabaka la gesi ya heliamu ambalo, likibanwa, huzuia joto lisipite. Joto hujikusanya chini yake, nguvu yake ikazidi, ikalisukuma tabaka juu kama mvuke uinuavyo kifuniko. Tabaka likitanuka hupitisha joto, nguvu hupungua, na kifuniko hushuka tena. Basi nyota huenda hivyo daima, juu na chini, kwa kipimo chake yenyewe.

Si nyota zote zinazopwita kwa kutanuka mwili mzima. Nyingine hutikisika kwa mawimbi yanayopita ndani yake na juu ya uso wake. Sehemu moja huinuka wakati sehemu nyingine inaposhuka. Hata jua letu hutikisika hivyo kidogo kidogo. Kila nyota ina sauti zake, kama ngoma zilivyo: ngoma kubwa na ngoma ndogo hazilii sawasawa, na ngozi iliyokazwa haifanani na ngozi iliyolegea.

Swali ni hili: ikiwa ngoma ina sauti yake, na jirani akaja kuivuta ngozi yake kila siku, sauti itakuwaje? Majibu yaliyopatikana katika karne hii ni ya ajabu.

MPIGO WA KILA SIKU 42

Mwezi wa Machi mwaka 2009 Wamarekani walirusha angani chombo kiitwacho Kepler, chenye darubini ya kupima mwangaza wa nyota kwa uangalifu ambao haukupata kuwako kabla yake. Kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta sayari za nyota nyingine. Lakini katika kutafuta hivyo kiliona nyota moja, iliyopewa jina la KOI-54, yenye tabia isiyo ya kawaida. Kwa siku nyingi mwangaza wake ulikuwa karibu sawa, kisha ukapanda ghafula, ukashuka, ukatulia. Baada ya siku 41.8 ukapanda tena. Habari zake zilitangazwa mwaka 2011 na Bwana William Welsh na wenzake.

Ilionekana kuwa ni nyota pacha, kila moja ikiwa na uzito uliopita uzito wa jua mara 2 na zaidi kidogo. Njia ya kuzungukana kwao si duara, bali imerefuka sana. Zinapokuwa mbali, zimeachana kwa kadiri ya kilomita milioni 108. Zinapokaribiana hubaki kilomita milioni 10 hivi tu. Yaani umbali hupungua karibu mara 11, na kwa kanuni tuliyoitaja hapo juu, nguvu ya kunyosha huzidi zaidi ya mara 1,000. Kwa saa chache nyota hizo hunyoshwa na kupashana moto, kisha huachana.

Lakini jambo la ajabu si kule kukaribiana, bali ni yale yanayofuata. Nyota zikisha kupishana hazitulii. Mwangaza uliendelea kutikisika siku zote kwa mawimbi madogo, na mawimbi mawili yalikuwa makubwa kuliko mengine. La kwanza hutikisika mara 90 kamili katika kila mzunguko, na la pili mara 91 kamili. Si 90 na nusu, wala si 91 na robo.

Kwa nini hesabu iwe kamili? Mwenye kumsukuma mtoto katika pembea anajua jibu. Akisukuma kila mara pembea inapofika mwisho wa kurudi, msukumo mdogo huleta mwendo mkubwa. Akisukuma ovyo, msukumo mmoja huharibu kazi ya mwingine. Nyota hizi husukumana mara moja tu kwa siku 41.8. Wimbi ambalo limemaliza mizunguko yake kamili wakati msukumo mpya unapofika huongezewa nguvu. Wimbi lisilopatana huzimwa. Hivyo katika sauti zote ambazo nyota ingeweza kulia, jirani huzichagua zile zinazopatana na mwendo wake.

Baadaye nyota nyingi nyingine za namna hii zilionekana. Kwa kuwa picha ya mwangaza wao hufanana na mstari unaochorwa na chombo cha hospitali cha kupimia mapigo ya moyo, wataalamu waliziita nyota za mapigo ya moyo.

NYOTA IPWITAYO UPANDE MMOJA

Mwaka 2018 chombo kingine, TESS, kilirushwa kuendeleza kazi ya namna hiyo. Habari zake hutolewa kwa watu wote, na watu wa kawaida wasio mabingwa, wakitazama michoro ya mwangaza majumbani mwao, waliona jambo geni katika nyota iitwayo HD 74423. Nyota hiyo iko mbali nasi kwa miaka 1,500 ya mwanga hivi, yaani mwanga, uendao kilomita 300,000 kwa kila sekunde, hutumia miaka hiyo yote kutufikia.

Hapa nyota mbili zimekaribiana sana hata huzungukana kwa siku 1.58 tu. Moja yao hupwita kila baada ya muda unaokaribia saa 3. Lakini mapwito hayo hayakuwa sawa. Kwa muda yalionekana makubwa, kisha yakawa hafifu, kisha makubwa tena, kwa kufuata mzunguko wa pacha. Bwana Gerald Handler wa Poland, Profesa Don Kurtz wa Uingereza na wenzao walieleza sababu mwaka 2020. Nyota inayoishi peke yake hupwita kwa kufuata mhimili inaouzungukia. Nyota hii imevutwa kwa nguvu kiasi kwamba mhimili wa mapwito yake umegeuzwa, ukamwelekea jirani, na upande mmoja hupwita kwa nguvu kuliko upande wa pili. Upande wenye nguvu ukitugeukia tunaona mapwito. Ukigeuka kwingine, yanafifia. Mabingwa walikuwa wamekisia tangu zamani kuwa nyota za namna hii zapaswa kuwako, na Profesa Kurtz alisema kuwa ameitafuta nyota kama hiyo kwa karibu miaka 40.

GHARAMA YA UJIRANI

Kutikisika huku si bure. Nguvu ya kuinua mawimbi hapana budi itoke mahali fulani, nayo hutoka katika mwendo wa kuzungukana. Hata hapa kwetu ndivyo ilivyo. Kwa sababu ya msuguano wa bahari ikijaa na kupwa, mzunguko wa dunia hupungua mwendo polepole mno, na mwezi hujitenga nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Jambo hili limepimwa kwa kuangaza miali ya taa kali kwenye vioo ambavyo watu walianza kuviweka juu ya mwezi mwaka 1969.

Katika nyota pacha gharama hiyo ni kubwa zaidi. Njia iliyorefuka hupunguka urefu hatimaye ikawa duara, na nyota zikaanza kuonyeshana upande mmoja tu, kama mwezi unavyotuonyesha sisi. Ndiyo maana nyota pacha zilizokaribiana sana mara nyingi huzungukana kwa njia ya duara.

Mfano mkubwa kabisa uko nje ya mkusanyo wetu wa nyota, katika Wingu Kubwa la Magellan, ambalo huonekana upande wa kusini kama moshi mweupe mahali penye giza. Kuna nyota huko iitwayo MACHO 80.7443.1718, jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, wala si macho ya kuonea. Mwangaza wake hubadilika kwa kadiri ya sehemu 20 katika 100 kila mara jirani anapopita, kila siku 33 hivi. Mwaka 2023 Bwana Morgan MacLeod na Bwana Abraham Loeb wa chuo kikuu cha Harvard walifanya hesabu kwa kompyuta, wakaona kuwa mawimbi ya nyota hiyo yapata kimo cha jua 3 zilizopangwa moja juu ya nyingine, kisha huvunjika na kuanguka kama mawimbi ya kusi juu ya mwamba.

Nyota zikizidi kukaribiana, gesi ya moja huanza kumwagikia mwenziwe. Katika kuyajua hayo pwani ya Kenya ilipata sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, kikaitwa Uhuru. Ndicho chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni. Kilionyesha kuwa Centaurus X-3 ni pacha wanaozungukana kwa siku 2 na kidogo, ambamo gesi ya nyota kubwa huangukia mabaki madogo, mazito mno, ya nyota iliyokufa.

FAIDA YA ELIMU HII

Huenda msomaji akauliza: yatufaa nini kujua kutikisika kwa nyota ambazo hatutazifikia kamwe?

Mtu anunuaye nazi sokoni huitikisa na kuisikiliza, na mwenye kuchagua tikiti huligonga kwa kidole. Hakuna apasuaye kila tunda ili ajue ndani mna nini. Nyota nayo haiwezi kupasuliwa. Tunaona uso wake tu, na kilicho ndani twakijua kwa mtikisiko wake. Nyota pacha zina faida ya pili, kwa kuwa kwa kupima jinsi zinavyozungukana twaweza kujua uzito wao. Basi nyota pacha inayopwita ni kama tunda lililowekwa katika mizani na kugongwa pia.

Lakini hapo pana hatari. Mtu akisikiliza mtikisiko bila kujua kuwa kuna jirani anayeugeuza, atadhani kuwa anasikia sauti ya nyota yenyewe, kumbe anasikia mkono wa jirani. Hesabu yake itapotoka, naye atakosea habari za kilicho ndani ya nyota na umri wake. Na makosa hayo si madogo, kwa maana kiasi cha chakula cha moto kilicho moyoni mwa nyota ndicho kinachoamua maisha yake na kifo chake. Nyota nzito, zipitazo jua kwa uzito mara 8 na zaidi, nyingi hufa kwa mlipuko. Oksijeni tunayovuta na chuma cha majembe yetu vilitengenezwa ndani ya nyota na katika milipuko yao, kabla dunia haijawako. Anayetaka kujua vitu hivyo vilitoka wapi, kwa kiasi gani na kwa muda gani, lazima ajue mioyo ya nyota nzito. Na nyota nzito, kama tulivyosema, mara nyingi zina jirani.

NYOTA YA KUTAZAMA

Mtu yeyote aweza kuiona mojawapo ya nyota hizi bila darubini. Katika mwezi wa Mei na mwanzo wa Juni, yapata saa tatu usiku, nyota nyeupe yenye ubuluu kidogo husimama karibu na utosi kwa mtu aliye Kenya. Wazungu huiita Spica, neno la Kilatini lenye maana ya shuke la nafaka. Nayo imo katika buruji ambalo wajuzi wa falaki wa pwani huliita Mashuke.

Kwa macho ni taa moja. Kwa kweli ni nyota mbili, zilizo mbali nasi kwa miaka 250 ya mwanga hivi, nazo huzungukana kwa siku 4 tu. Kubwa yao ina uzito wa zaidi ya jua 10, na mvuto wa mwenziwe umeinyosha ikafanana na yai, hata mwangaza wake hubadilika kidogo kadiri inavyotugeuzia ubavu au ncha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilionekana kupwita kila baada ya muda wa saa 4 na dakika 10. Miaka michache baadaye mapwito hayo yalififia. Hiyo ndiyo sababu mabingwa hawajaacha kuitazama.

Mvuvi wa Lamu na mkulima wa bara waweza kuitazama usiku mmoja. Mvuvi atakuwa na faida moja zaidi: akishusha macho yake, ataiona nguvu ile ile ikifanya kazi majini, karibu na chombo chake.